Mkasi Ulioshikwa Vibaya

Uvumilivu wangu uliisha Jumamosi moja, ndani ya salle, ukumbi wa parokia huku Manika, nilipomuona mtoto wangu Rakeli ameshika mkasi kama mtu aliyeokota mkia wa nyoka. Ana miaka saba. Nyumbani anakata sachet, mfuko wa plastiki wa maji, kwa mzunguko, kama anamenya chungwa, mpaka inatoka kamba moja ndefu isiyo na fundo. Pale, mbele ya mwalimu wa formation, mafunzo ya kusuka mikoba ya plastiki, aliikata vipande vipande, akauliza, "Ni hivi, madame?" Kando yake mama yangu naye alikuwa anakosea, macho chini.

"Rakeli," nikasema, na watu wote wakageuka, "shika mkasi vizuri."

Salle ilinuka plastiki iliyooshwa kwa sabuni, ikaanikwa kwenye vumbi jekundu la malori ya madini. Ninyi mnaonisoma, harufu hiyo ndiyo utoto wangu.

Mimi nilikuwa wa kuokota sachet sokoni, mdogo wangu wa kuziosha. Mama alisuka mikoba kwa kulabu aliyoikunja mwenyewe kutoka waya wa gurudumu la baiskeli. Ungebeba unga mle bila kumwaga hata kidogo. Majirani wote walikuwa na mkoba wake, hakubaki wa kumuuzia. Basi kila formation ilipokuja, alikwenda kujifunza mkoba uleule, kwa sababu walioandikwa walipata mafuta na sabuni. Akishika mkasi vibaya, wanawake walicheka: "Kapinga, ni formation ya ngapi hii? Kichwa yako inapita jiwe la malachite kwa ugumu."

Nilikuwa na miaka minane na sikuweza kuvumilia. Siku moja nilikimbia nyumbani, nikarudi na mkoba wake, nikamwekea mwalimu mezani. "Mama anayua kusuka," nikasema. "Anakupita hata weye, madame."

Mwalimu hakukasirika. Aliugeuza mkoba, akaivuta mikono yake ya kubebea, mmoja mfupi kuliko mwingine kwa sababu huo niliushona mimi. "Ni kweli, anayua," akasema. Akachukua kalamu ya bic, akapiga mstari juu ya jina la mama kwenye liste. "Fasi yake tutapatia mwenye hayui." Mkoba akabaki nao, alisema atawaonyesha wengine.

Njiani nilingoja kofi. Mama alisema tu, "Mwanangu, kuyua nako kunataka fasi ya kukaa." Msimu uliofuata, mwalimu akiwa mpya, alijiandikisha kwa jina la shangazi yetu marehemu. Tangu hapo nyumbani ni Kapinga, kwenye liste ni Mama Odia, mwanamke asiyejua kitu.

Miaka yote nilidhani kosa lilikuwa mdomo wangu. Jumamosi ile niliinua macho ukutani, nikaona mkoba wa mfano, ule wa kuigwa na wote. Mkono wake mmoja ni mfupi. Ndipo nikaelewa: kulikuwa na kiti cha anayefundisha na mkeka wa asiyejua, na mama yangu, aliyewafundisha wote bila kuitwa, alipaswa kuwa mjinga ili aruhusiwe kukaa. Sasa alikuwa anamrithisha Rakeli ujinga huo, kwa upendo, kama mtu anayempa mtoto sahani yake.

Jumatatu nilipanda taxi-moto, mdogo wake Rakeli mgongoni, nikapeleka barua kwenye ofisi ya association yao, chama kinacholeta formation hizo. Sikuondoka mpaka wakapiga muhuri kwenye kopi yangu. Niliandika hivi:

"Mimi, Ngalula, nalalamika. Mkoba wenu wa mfano ni wa Kapinga, mama yangu. Mkono mfupi ni kazi yangu. Mumfute Mama Odia kwenye liste ya wanaojifunza, kwa sababu alikwisha kufa. Mumuandike Kapinga kwenye liste ya wanaofundisha. Na mtoto wangu Rakeli asifundishwe tena kutojua."