Mlenda Juu ya Paneli

Ofisini kwetu Dodoma tulikuwa tukiandaa muhtasari ambao wabunge wangeusoma kabla ya mjadala wa nishati. Mwenzangu, mtu wa kusini, alitetea gesi iliyonaswa ndani ya miamba. Tuichimbe, alisema, hata ikibidi kuipasua miamba yenyewe. Mimi nilitetea jua. Hoja yangu niliijenga juu ya zahanati ya kijijini kwetu, wilayani Chamwino, ambako jokofu la chanjo huendeshwa kwa paneli za sola. Niliandika kwamba mtambo ule hauhitaji uangalizi. Sikuwa nimeuona tangu uzinduliwe.

Ilipobaki siku moja tuwasilishe, nilimchukua mwenzangu hadi kijijini akajionee.

Tulipishana na kina mama waliobeba watoto, wakirudi makwao. Muuguzi, aliyerejea kutoka likizo asubuhi hiyo, alitueleza kwamba jokofu lilikuwa limepoteza baridi na chanjo zote zimeharibika. Nyuma ya jengo, paneli zilizofungwa karibu na ardhi zilikuwa zimefunikwa kwa majani ya mlenda, mboga yetu ya kukausha. Shangazi yangu alikuwa akiyageuza kwa kiganja ili yakauke.

Nilimwamkia, kisha nikamkaripia kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alisubiri nimalize.

"Mwanangu, kule jabalini tulikozoea kuanika mbuzi wanakula. Hapa pana uzio, pana joto, pasafi. Nani alikuja kutuambia hiki ni nini?"

Mwenzangu alicheka, akamwambia asijali, gesi ikija atapata bomba refu la kuanikia. Shangazi akamuuliza kama hilo bomba nalo litaletwa na watu wasiosema ni la nini.

Tukiwa njiani alinishauri, kwa wema, nitafute mfano mwingine. Nilikiri moyoni kwamba ningeweza. Lakini wale kina mama nilikuwa nimepishana nao uso kwa uso. Niliuacha mfano uleule, nikaifuta sentensi ya uangalizi, nikaandika kwamba watoto walikosa chanjo kwa sababu sisi tunaousifu mtambo hatukuwaeleza wenyeji unavyofanya kazi.

Mkuu wetu aliurudisha ukurasa. Alisema ninaidhoofisha hoja yangu mwenyewe. Niiondoe aya hiyo au sehemu yote ya jua ibaki nje. Sikuiondoa. Wabunge walisoma habari za gesi peke yake, na mwenzangu, aliyekuwa ameshinda, hakunitazama usoni wiki nzima.

Bado naliamini jua. Nilichoacha kukiamini ni wepesi niliokuwa nikilitetea nao.