Nilifundisha Kukereza Kalamu na Sijawahi Kukereza Hata Moja

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Mkimaliza kusoma mkitaka kunitukana, nitukaneni. Mimi mwenyewe nimeshajitukana nimechoka.

Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Tunduma, karibu na mpaka. Kiingereza nimekiokota kwa wateja wa Zambia, cha kubishania bei tu. Siku moja nikakutana na video ya mzungu mmoja mzee anakereza kalamu za mbao. Anafunga kipande cha mti kwenye mashine, kinazunguka, anakigusa na patasi, maganda yanaruka kama nywele kwa kinyozi, mwisho inatoka kalamu inang'aa. Niliipenda! Nikatafuta mafunzo kama hayo kwa Kiswahili, sikuyaona. Nikasema, hapa hapa.

Nikachukua video zake, nikazima sauti yake, nikaweka yangu. "Karibuni wanafunzi wangu!" Wanafunzi wangu, mimi! Mtu ambaye patasi nimeishika nikifungulia kopo la rangi tu!

Yule mzee mwanzoni alikuwa anaongea sana. Anavaa kioo cha kufunika uso, anageuza mti mkononi, anauchunguza, mwingine anautupa pembeni. Nusu ya maneno yake sikuyaelewa, na watazamaji walikuwa wananiandikia, "Mwalimu fupisha, tuonyeshe kalamu." Nikakata. Sehemu yote ile ya mwanzo nikaitupa. Video ikatembea balaa. Watu wakaniita Mwalimu, nami nikaitika.

Aliyenifuata kuliko wote ni Atupele, mtoto wa mama yangu mdogo, anakaa Isongole. Alikuwa anapiga msasa kwenye karakana ya makochi, amechoka kumeza vumbi la kazi ya watu. Akanunua mashine ndogo iliyotumika, akaanza. Majirani aliwatambia: "Anayefundisha humu ni kaka yangu."

Asubuhi moja akanipigia. Wateja wamejaa dirishani.

"Kaka, nimepata mti wa kahawa, mgumu, mzuri kweli. Ila una ufa kidogo upande mmoja. Unafaa?"

Sikujua. Naapa sikujua! Neno la kusema lilikuwa moja tu, sijui, na likanishinda.

"Unafaa," nikamwambia. "Tia gundi, endelea."

"Haya, Mwalimu." Akacheka, akakata simu.

Mti ulipasuka ukiwa kwenye kasi. Kibanzi kikamwingia jicho la kushoto. Usoni hakuwa amevaa kitu, kwa sababu hakuna mahali nilipomwambia avae. Walimkimbiza hadi Mbeya. Madaktari wakalitoa lile jicho.

Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani, mama mdogo alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za njiani. Alikuwa hajui uongo wangu. Aliyeniuliza ni Atupele, bandeji usoni, sauti iko chini.

"Kaka, wewe ulishawahi kukereza kalamu?"

Nikaanza kumweleza habari za video. Akanikatiza.

"Hata moja?"

"Hapana."

Mama mdogo akasimama. Hakunitaja hata jina. "Atoke," akasema. "Huyu atoke humu ndani."

Nikafuta video zote. Bure! Nikazikuta kwenye kurasa za watu, sauti yangu ile ile. Nikamwandikia mmoja aiondoe, nikamweleza kuna mtu amepoteza jicho. Akanijibu, "Bro acha wivu, video inatembea." Nikaandika matusi, nikayafuta. Nimtukane nani? Yule anafanya nilichokifanya mimi, hajaongeza wala kupunguza.

Na ujinga wangu haukuishia hapo. Juzi nilirudi Isongole. Nilijiambia nikimrekodi Atupele akiwaonya watu, nitakuwa nimerekebisha kitu. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamsalimia, nikatoa simu. Akageuka akanitazama kwa jicho moja lililobaki.

"Kwa hiyo hata jicho langu unataka liwe video?"

"Ni kwa ajili ya wengine, dada."

"Waambie wewe. Kwa mdomo wako. Na uanze na uongo wako, usianze na jicho langu."

Akarudi kwenye mahindi yake. Hajanisamehe, na sijui kama atanisamehe.

Jamani, mnaojifunza ufundi kwenye simu, sisemi muache. Mafunzo mazuri yapo, na wanaojua wapo. Lakini msikubali sauti tupu! Mtazame anayefundisha: ni mikono yake hiyo, au kaiba mikono ya mwenzake? Pale anapoongea mambo ya kuchosha, miwani, kioo cha uso, mti gani wa kutupa, pale ndipo msikilize. Na kabla hujawasha mashine mara ya kwanza, mpelekee seremala wa mtaani kwenu huo mti wako auone. Atakufokea, sawa, wacha akufokee.

Na wewe mwenzangu unayefundisha usichokijua, maana najua tuko wengi: siku ukiulizwa swali, sema hujui. Sema tu! Atakudharau, ataondoka, atamfuata mwingine. Lakini ataondoka na macho yake yote mawili.