Kwenye Karatasi Tulikuwa Wanane

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni muuguzi wa miaka 34, naishi Munuki hapa Juba na wanangu wawili. Nililelewa ukimbizini Uganda, nikasomea kazi hii huko, nikarudi nyumbani kuifanya.

Kipindupindu kilipoingia, mshahara wetu ulikuwa haujaonekana kwa miezi, na wauguzi wengi walishaacha kazi wakaenda kuuza nyanya. Shirika moja la misaada likaahidi kuwalipa waliobaki posho. Wodi nzima inalipwa kwa karatasi moja ya zamu: yanaandikwa majina ya waliofika, kiongozi wa zamu anatia sahihi. Kiongozi ni mimi.

Mchana tulikuwa wauguzi wawili tu, mimi na mwenzangu Keji, na wagonjwa wengine wamelala chini. Jumanne moja nilikuwa mwisho wa hema la wodi yetu namtafutia mtoto mshipa, kumbe dripu ya mama mmoja karibu na mlango imekwisha. Nilipomfikia alikuwa ameshaaga dunia. Nililia mbele ya watu, wala sioni haya kusema. Binti yake hakunitukana, aliniuliza tu, "Sister, nyinyi iko wangapi hapa?" Nikamwambia wawili.

Wiki ilipoisha, mkuu wa wodi akaniletea karatasi ameshaijaza mwenyewe. Eti Jumanne ile tulikuwa wanane! Mmoja ni shemeji yake anayeuza vitenge sokoni Konyo Konyo, mtu anayeogopa hata kuona sindano. Akanikumbusha kwa upole kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata majina sita mbele ya macho yake.

Sikujua kwamba karatasi yenye mikato haipokelewi. Sasa posho ya wote imesimama, mpaka ya wafagiaji. Mkuu anasema nikisaini karatasi safi, yenye wanane wake, Ijumaa watu watalipwa. Keji, ambaye tumekuwa tukigawana kikombe kimoja cha chai, aliniita pembeni.

"Sister, najua wewe iko sawa," akasema. "Lakini watoto yangu hapana kula hiyo sawa yako. Weka sahihi, kalas, iishe."

Tangu siku hiyo hanisemeshi. Inaniuma sana, maana hata yeye hakukosea.

Wale mtakaoniandikia nisaini yaishe, hifadhini bando zenu. Sisaini. Nikisaini nitakuwa nimeapa kwamba wauguzi wanane walikuwepo na bado mama yule akafa hana wa kumbadilishia dripu. Nataka kwenda kwenye shirika niwaeleze kila kitu, ila naambiwa wakisikia wizi watafunga posho yote, na Keji ndiye atakayelala njaa kwa ukweli wangu.

Nishaurini, niende au nisubiri? Keji anasoma ukurasa huu kila siku. Mnaponijibu, mjue na yeye anasoma.