Mmea Uliosemekana Kuota Kariakoo

Juzi Kariakoo nilimkuta binti, mwanafunzi wa chuo, akitafuta mmea kwenye lami. Kumbukumbu za chuo zilisema unaota hapo hapo, kati ya meza za mitumba. Nikaduwaa, nikainama naye kuchungulia mtaroni.

"Mmepoteza nini, wanangu?" akauliza mama muuza dawa za miti shamba.

Binti akamwamkia, akamwonyesha picha ya tawi lililokaushwa.

"Huo wa utomvu kama maziwa? Walimu wenu walinunua kwangu, wakaandika Kariakoo!"

Kwa mtindo huo, nikawaza, hata dagaa huvuliwa Kariakoo.

"Unaota wapi, mama?" binti akauliza.

"Siri yangu tangu nianze kuuza. Nikitaja, wenzangu watang'oa wote."

"Ramani yetu ya mimea ikikosea, pakija kufyekwa unapoota nani atapatetea?" binti akasema.

Mama akafunga khanga, akaifungua, akaifunga tena.

"Mwaka huu nimekuta mashina mawili tu," akanong'ona. "Ni kule msituni Pugu."