Habari Nzuri, Ila

Juzi Chanika, kwenye duka la stesheneri, binti mwenye kompyuta alinionyesha programu yake. Ni mistari michache tu ya maelekezo, mingine kaazima kwenye maktaba ya programu, yaani zilizokwisha kuandikwa na wengine. Kila saa inapitia tovuti za habari, inachota mapya na kuyapanga ukurasa mmoja. Nilibaki mdomo wazi.

Bibi aliyekuwa akisubiri picha zake akauliza, "Inayajuaje mapya?"

"Inabisha hodi, bibi, inauliza habari. Ikiambiwa hakuna jipya, inaondoka."

"Inaondoka?" Bibi akashika kiuno. "Mwanangu alinipigia kutoka Lutindi. Nikamuuliza habari za huko, akasema nzuri. Nikanyamaza, nikasubiri. Ndipo akasema, 'Ila mama, mume wangu hatunaye.'"

Binti akaondoa vidole kwenye kompyuta, akampa pole.

Ile programu bado inanishangaza. Lakini tangu juzi nikijibiwa "nzuri", sikati simu.