Doa Kwenye Mlango wa Bi. Ok-sun

Saa mbili asubuhi, Namgung Ok-sun amelala chali chini ya tumbo la ndege, mwiko mdogo mkononi, anapaka lipu laini kwenye ungio la mabamba mawili na kuikwangua. Anaimba. Anaimba vibaya, na wenzake wanamwomba anyamaze.

"Rada haina masikio!" anawajibu.

Kwa miaka kumi na tisa, mama huyu wa miaka 58, zamani fundi cherehani, ameziba maungio ya ndege za kivita hapa Sacheon, Korea Kusini. Ndege wanayoiunda sasa imebuniwa isionekane na rada: kingo zinaelekea upande mmoja, milango ina meno ya msumeno, mapezi ya mkia yamelazwa, ili wimbi liteleze kando lisirudi lilikotoka. Ungio likiinuka unene wa unywele tu, jasho lote la wabunifu limepotea bure.

Machi mwaka huu, nusura apoteze jina lake.

Mfano wa ndege, wa ukubwa kamili, ulikuwa ukipimwa kwa rada. Kwenye skrini likang'aa doa, palepale penye mlango wa gurudumu la mbele. Mbunifu wa umbo, Tak Jae-hyeon, akaapa mchoro wake hauna kasoro. Basi kosa likawa la walioziba maungio ya mlango. Ok-sun na akina mama wenzake watatu wakaambiwa kwamba ikifika Ijumaa wataondolewa kwenye mradi.

"Nililia chooni, sikufichi," ananiambia. "Halafu hasira zikanipanda. Nikamwambia Tak, 'Mhandisi, mshono wangu naujua kuliko unavyomjua mkeo. Hebu fungua huo mlango!'"

Ukafunguliwa. Lahaula! Ndani kalala samaki mkavu, kazungushiwa uzi mweupe. Ncha ya uzi ilikuwa imenasa ukingoni, mlango haukukaa sawa.

Ok-sun alitamani ardhi immeze, maana samaki alikuwa wake. Siku ya tambiko la kuombea mradi, wakubwa walipokuwa wakiinamia kichwa cha nguruwe mezani, alimchomeka mle kwa siri, kama tufanyavyo wote kwenye gari jipya ili kufukuza mikosi.

"Ningenyamaza, nani angejua? Lakini wangemsingizia mtoto wa watu. Nikasema, 'Mshono ni wangu, na ni mzima. Samaki naye ni wangu.'"

Tak alicheka mpaka akakaa sakafuni. Walipopima upya, doa halikuwepo.

"Rada imemwona samaki wako, Shangazi!"

"Kumbe inafanya kazi. Nipongeze!"

Alipewa karipio la maandishi, na kikundi chake kikabaki. Siku hizi Tak hachori mlango kabla ya kumwita.

Ndege halisi ya kwanza itakamilika mwakani, na familia za mafundi zitaalikwa. Ok-sun ameshaomba kibali cha kumleta mama yake, mwenye miaka 83, ambaye macho yake hayaoni tena.

"Nitamshika mkono niupitishe pale mlangoni," anasema. "Akiniuliza, 'Mlango wenyewe uko wapi?', mwanangu, hapo nitastaafu kwa furaha."