Kicheko cha Bibi wa Bukene

Shule niliiacha mapema, lakini mjini Tabora mtu akitaka picha ya maana alinitafuta mimi. Kamera yangu kubwa ya kitaalamu iliona vizuri hata kwenye nyumba yenye kidirisha kimoja. Ubaya wake, ilikuwa nzito kama tofali, na mtu akielekezewa anakakamaa.

Kule Bukene dada mmoja alitaka picha ya bibi yake akicheka, maana zote alizokuwa nazo bibi kanuna. Bibi akanuna tena. Nikaiweka kamera mapajani, nikamwambia, “Shikamoo, mke wangu.”

“Marahaba. Mume gani huyu hata jembe hajui?” Akacheka, mapengo yote nje.

Nikabonyeza bila kuchungulia. Mlio ukamshtua, akanyamaza, lakini nilikuwa nimeshampata. Bibi hayupo tena. Kicheko kipo ukutani kwao.